Ishirini na Tano Kamili

Madaftari yalikuwa ishirini na saba, na Sajini Jovitha alishayasoma yote mara mbili. Mara ya tatu aliyasoma kwa hasira.

Alikuwa amekaa kwenye stuli ndefu ndani ya maabara ya kemia, katika chuo kikuu kile kidogo cha kilimani nje ya mji wa Ngara. Mbele yake, nyuma ya meza yenye madoa ya kuungua, alisimama Dakta Wiston, mwalimu wa somo la maabara, koti jeupe limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Dakta hakukaa. Alikuwa na namna ya kusimama inayomfanya mgeni ajione amechelewa kipindi.

"Afande, mimi nilidhani kesi hii imekwisha," alisema. "Kijana si amekiri?"

"Amekiri. Na aliyemkamata ni mimi. Ndiyo maana nimerudi."

Kesi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Mwezi Juni wakaguzi walifungua stoo ya maabara wakakuta chupa sita za tindikali ya naitriki zimejaa pomoni, lakini ukifungua kifuniko haikubani koo wala haikutoi machozi. Mtu alikuwa ameichota na kujazia maji. Wiki hiyo hiyo polisi wa Biharamulo wakaokota, kwenye machimbo madogo ya dhahabu, chupa tupu yenye mhuri wa chuo. Wachimbaji husafisha dhahabu kwa tindikali hiyo, kwa hiyo sababu ya wizi haikuhitaji mganga wa kuipigia ramli. Kilichobaki ni kujua iliibwa lini, maana ukijua lini, umemjua na mwizi.

Mpaka Mei tano ufunguo wa stoo ulikuwa kwa Emilian, fundi wa maabara wa zamani, ambaye siku hiyo aliacha kazi akahamia Biharamulo. Kuanzia Mei tano ulikuwa kwa Danstan, fundi mpya, kijana wa miaka ishirini na sita ambaye hata kipindi cha majaribio kazini hakuwa amekimaliza. Na Mei nne, siku moja kabla ya makabidhiano, darasa zima la mwaka wa pili lilipima ukali wa tindikali iliyotoka kwenye chupa zile zile. Madaftari yote yalisema ni nzima. Ilikuwa nzima mikononi mwa Emilian, ikawa maji mikononi mwa Danstan.

Jovitha aliipiga hesabu hiyo kwa dakika tano, ikamfurahisha, akaenda kumtia kijana pingu mbele ya wanafunzi. Sasa Danstan alikuwa mahabusu wiki ya tatu. Ijumaa kesi ingeanza kusikilizwa, na leo ilikuwa Jumatano.

"Dakta, nieleweshe kama mtu asiyejua kitu," Jovitha alisema. "Bureti inayovuja inaweza kutoa jibu sahihi?"

Bureti ni ule mrija mrefu wa kioo wenye mistari, na bomba dogo chini. Zoezi lenyewe halina uchawi. Unapima maji ya magadi, unatia matone ya rangi yanakuwa njano, halafu unadondoshea tindikali kutoka kwenye bureti taratibu. Njano ikigeuka waridi, unafunga bomba na kusoma mstari. Tindikali nzima ingesimama kwenye ishirini na tano. Iliyotiwa maji ingepita hapo, maana utalazimika kumimina zaidi.

"Haiwezi," Dakta alisema. "Ikivuja pembeni, utasoma namba kubwa kuliko uliyotumia. Mtoto wa kidato cha tatu anajua."

Jovitha akafungua kitabu cha vifaa, alichokipata juzi nyuma ya kabati la glasi, na kuweka kidole kwenye mstari mmoja. Aprili thelathini. Bureti namba nne inavuja, isitumike. Kisha akafungua daftari la juu kabisa.

"Huyu aliitumia namba nne. Ameandika mwenyewe hapa, Mei nne. Alipata ishirini na tano kamili, na wewe ukampa kumi na tisa kati ya ishirini."

Dakta alilichukua daftari akalisogeza mbali na macho, akalirudisha karibu. Alisoma kwa muda mrefu kuliko ukurasa ulivyostahili.

"Labda aliiziba," alisema.

"Labda. Sasa angalia hili. Ishirini na tano nukta moja. Hili, ishirini na nne nukta tisa. Hili, ishirini na tano. Nimekuwa polisi miaka kumi na saba, Dakta. Mashahidi ishirini na saba wakiniambia neno moja bila kutofautiana, najua walikaa kikao kwanza. Haya mambo ningeyaona siku ya kwanza kama wangekuwa watu. Kwa kuwa ni madaftari ya wasomi, nikayaamini."

Hilo la mwisho alilisema kwa uchungu, na hakujali Dakta akilisikia.

"Alama zako unazigawaje?" akauliza.

"Unadhifu nne. Hesabu nne. Ukaribu kumi na mbili."

"Ukaribu na nini?"

"Na jibu la fundi. Fundi anapima kabla ya darasa, ananiletea jibu kwenye karatasi. Mwanafunzi akiwa karibu na jibu, ana mkono mzuri. Akiwa mbali, hana. Kemia haina huruma, afande. Wauguzi na wapima maji wa kesho ndio hawa, nikiwadekeza leo wataua watu."

"Fundi wa Mei nne alikuwa nani?"

"Emilian."

"Wewe mwenyewe ulipima?"

"Mimi? Nina madarasa manne!"

Lakini jibu hilo lilitoka bila ule mgongo ulionyooka. Jovitha akamwomba kitabu cha alama. Akapitisha kalamu jina baada ya jina, polepole, akihesabu kwa midomo. Alipofika mwisho akarudia.

"Majina ishirini na nane," alisema. "Umenipa madaftari ishirini na saba."

"Wa ishirini na nane alidisko, aliondolewa masomoni."

"Alifanya zoezi la Mei nne?"

"Alifanya. Kaneza. Alama nne, za unadhifu. Mwandiko mzuri sana alikuwa nao yule binti."

"Alipata namba gani?"

"Sikumbuki. Ilikuwa juu mno, haina maana. Nilimwambia arudie. Akarudia mara tatu, akaniletea ile ile."

"Mara tatu, ile ile?"

"Ile ile," Dakta alisema, na sauti ikamkatikia hapo hapo. Akavuta stuli akakaa. Ilikuwa mara ya kwanza Jovitha kumwona amekaa, na alionekana mzee ghafla. "Mara tatu ile ile," akarudia peke yake. "Mungu wangu. Huo ndio mkono mzuri."

Jovitha alifunga kitabu cha alama.

"Nilimwambia mbele ya darasa," Dakta aliendelea, akiangalia mikono yake. "Nilimwambia kama hawezi kusoma mistari arudi kwao akapime pombe ya rubisi. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, afande. Sikumbuki namba yake, ila kicheko nakikumbuka."

"Daftari lake?"

"Alilichukua. Walioondolewa hurudishiwa vitu vyao."

Kabla ya kutoka chuoni Jovitha alimtafuta Elick, kiongozi wa darasa la mwaka wa pili, akamkuta kantini mbele ya sahani ya chipsi. Alikuwa kijana mwenye maneno mengi na simu mbili. Jovitha aliketi mkabala naye bila kukaribishwa na kuweka daftari la kijana huyo mezani, katikati ya chupa ya tomato na chumvi.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Hii ishirini na tano uliiona kwa macho yako?"

Elick akaangalia kushoto, akaangalia kulia.

"Afande, nikisema ukweli nitapoteza mwaka?"

"Sijaja kusahihisha. Danstan yuko mahabusu kwa sababu ya hii namba. Uliiona?"

"Hatukuiona," Elick alisema, na chipsi zikasahaulika. "Hiyo inaitwa kupika. Kila mtu anapika. Jibu la zoezi huwa linajulikana, linatoka kwa waliotutangulia, lipo kwenye grupu. Ukifika maabara unamimina kidogo kwa ajili ya kuonekana, halafu unaandika. Huyu anaweka nukta moja juu, yule nukta moja chini, ili tusifanane sana."

"Na siku ile mlipomimina, mliona nini?"

"Sisi tulifika ishirini na tano, rangi bado njano kabisa. Tukajua tumekosea mahali. Nani ataendelea kumimina wakati jibu limeshapita?"

"Kaneza aliendelea."

"Kaneza!" Elick alitikisa kichwa, na Jovitha aliona kwamba hakuwa anadhihaki. "Kaneza tulimpa jibu, afande. Mimi mwenyewe nilimwandikia kwenye kiganja. Akasema, lakini Elick, yenyewe inakataa. Tukamwita Yenyewe Inakataa mpaka alipoondoka. Ilikuwa utani tu."

"Unaikumbuka namba yake?"

"Hapana. Ilikuwa ya kuchekesha, basi."

Jovitha alitoka nje akampigia wakili wa serikali, Anneth, mwanamke asiyependa salamu ndefu. Akamweleza bureti, akamweleza kupika, akamweleza fundi Emilian aliyeandika jibu bila kupima kwa sababu alijua fika kilichomo ndani ya chupa. Anneth alisikiliza mpaka mwisho.

"Vizuri sana," alisema. "Sasa niambie nitasimamaje mbele ya hakimu. Mkononi nina maandishi ishirini na saba na ungamo lenye sahihi. Wewe unaniletea kijana anayesema sote tulidanganya. Ataulizwa, ulidanganya wakati ule au sasa? Atajibu nini?"

"Yupo mmoja ambaye hakudanganya."

"Kwa maandishi? Ya siku ile ile?"

"Kwa maandishi."

"Basi niletee hilo daftari. Moja tu, Jovitha, lenye namba tofauti na tarehe yake, na Ijumaa namwachia Danstan na tunamfuata huyo Emilian. Bila hilo kesi inaendelea ilivyo."

Alichukua bodaboda mpaka Murukulazo. Njia nzima dereva alilalamikia bei ya vipuri naye akaitikia mh, mh, bila kusikia neno. Alikuwa anajilaumu. Orodha ya majina alikuwa nayo tangu wiki ya kwanza, ndani ya jalada lake mwenyewe. Kuhesabu mpaka ishirini na nane kungemchukua nusu dakika.

Nyumba ya kina Kaneza ilikuwa chini ya barabara, bati jipya upande mmoja na kuukuu upande wa pili, migomba ikiizunguka. Mama yake, Josefina, alikuwa uani anapepeta maharage. Wazazi wa Josefina walivuka kutoka Burundi yeye akiwa mtoto mgongoni, naye akazalia watoto wake wote hapo hapo. Jovitha, aliyekulia Bugarama, alimwamkia kwa Kihangaza, na mama akaitikia kwa Kirundi, wakaelewana vizuri tu. Aliposikia mgeni ametokea chuoni, aliweka ungo chini na kujifuta mikono kwenye kitenge.

"Kaneza!" aliita. "Njoo haraka! Wamekuja wa chuo!"

"Mama, mimi ni polisi."

"Ndiyo, ndiyo," mama alisema, akikimbilia kutoa kiti. Neno hilo lilimpita tu.

Kaneza alitokea shambani na jembe begani, msichana mwembamba wa miaka ishirini na mbili, udongo mpaka magotini. Alimwamkia Jovitha akiwa amepiga goti kidogo, kama wanavyofundishwa nyumbani. Jovitha alimweleza taratibu, tangu chupa sita mpaka Danstan. Alimwambia wazi kwamba yeye Kaneza hakukosea. Tindikali ilikuwa na maji, na katika watu ishirini na nane, aliyeona ni yeye peke yake.

Kaneza alisikiliza akiangalia chini. Alipomaliza kusikia hakutabasamu wala hakulia.

"Kwa hiyo yenyewe ilikataa kweli," alisema kwa sauti ndogo.

"Ilikataa kweli. Daftari lako unalo?"

"Ninalo! Nimelitunza." Aliingia ndani mbio na kurudi na mfuko wa plastiki uliofungwa kwa uzi. Akaufungua kwa uangalifu, akiwa amekwisha kuosha mikono. "Limekaa tayari, afande. Jumatatu nalipeleka chuoni pamoja na barua ya rufaa. Nimelirekebisha."

Jovitha aliupokea ukurasa wa Mei nne kabla ya neno hilo kumwingia vizuri. Mwandiko ulikuwa mzuri kweli, kama alivyosema Dakta. Tarehe ilikuwepo. Namba ya bureti ilikuwepo, namba saba, nzima. Na kwenye jedwali, mahali pa namba, karatasi ilikuwa imekwanguliwa kwa wembe mpaka ikawa laini ya kupitisha mwanga, na juu yake, kwa wino mpya, imeandikwa ishirini na tano nukta sifuri. Safu nne, zote nne hivyo hivyo. Mahali pamoja wembe ulikuwa umetoboa.

Aliuinua ukurasa kwenye jua. Akaugeuza. Akapapasa nyuma yake kwa ncha ya kidole, akitafuta alama ya kalamu ya kwanza. Alichunguza na ukurasa uliofuata, maana mtu akikandamiza kalamu, ncha huweza kuacha bonde chini. Kaneza hakuwa mtu wa kukandamiza kalamu.

"Ulikwangua lini?"

"Wiki iliyopita. Jumanne." Kaneza alimtazama usoni, na hofu ikaanza kupanda. "Nilikosea, afande?"

Jumanne ya wiki iliyopita Jovitha alikuwa ofisini kwake, anakunywa chai, madaftari ishirini na saba yamepangwa vizuri mezani. Bodaboda kutoka mjini mpaka hapa haikumaliza hata saa moja.

"Hukukosea wewe," alisema. "Kaneza, sikiliza. Nitaandika maelezo yako. Utaniambia kwa mdomo ulichokiona Mei nne, nami nitaandika hivyo hivyo. Ulisoma ngapi?"

Alitoa karatasi, akatia tarehe, akaandika jina. Kaneza alikaa kwenye ukingo wa benchi, magoti pamoja.

"Afande, unataka niseme ngapi?"

"Uliyoiona."

"Thelathini na moja?" Alikuwa haangalii angani kama mtu anayekumbuka. Alikuwa anaangalia uso wa Jovitha, macho yakimfuata nyusi na mdomo. "Thelathini na moja nukta... au iwe thelathini na mbili? Ishirini na nane inaweza kumsaidia huyo kaka? Nambie tu ipi inafaa, mimi nitaiandika vizuri na tarehe nitaweka."

Kalamu ya Jovitha ilisimama. Aliyajua macho hayo. Wiki tatu zilizopita, kwenye chumba cha mahojiano, Danstan alikuwa amemwangalia vile vile. Ulichukua chupa ngapi? Sijachukua, afande. Ngapi? Labda mbili. Ngapi, Danstan? Nne? Na yeye alikaa kimya, akimkazia macho, mpaka kijana alipofika kwenye sita, ndipo akamsukumia karatasi aweke sahihi. Sita ndiyo namba aliyokuwa anaingojea. Alikuwa amempa alama zote.

Aliona aibu, aibu ya kweli, ya kuunguza masikio. Angeweza kusema thelathini na moja nukta sita, au nukta tano, namba yoyote ya kupendeza, na binti huyu angeiandika kwa mwandiko ule mzuri na kuiapia. Danstan angelala nyumbani Ijumaa. Hakuna ambaye angejua, na pengine ndiyo ingekuwa haki. Alikaa na wazo hilo kwa muda ambao baadaye hakupenda kuukumbuka.

"Sitakwambia," alisema hatimaye. "Siijui, Kaneza. Wewe ndiye uliyeijua."

Kaneza akafumba macho. Alijitahidi, ilionekana anajitahidi, midomo ikicheza, mkono wa kulia ukifunga bomba lisilokuwepo. Kisha akafumbua.

"Ilikuwa thelathini na moja na kitu," alisema. "Nadhani. Nimeiandika ishirini na tano mara nyingi sana, kwenye mazoezi ya rufaa. Sasa nikijaribu kuona, naona ishirini na tano."

Jovitha aliandika. Aliandika *thelathini na moja na kitu*, akaandika *nadhani*, akaandika na swali la namba ipi inafaa, neno kwa neno, kwa sababu ndivyo lilivyosemwa. Kila mstari aliokuwa akiumaliza alijua Anneth ataupokeaje. Wakili yeyote wa Emilian angemtafuna binti huyu asubuhi moja, na Danstan angerudi mahabusu na chakula cha mchana hakijaiva. Alimpa karatasi asome. Kaneza alisoma akaweka sahihi, nadhifu, bila kuvuka mstari.

Mama Josefina alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, kitenge amekikunja mkononi, hathubutu kuingilia. Jovitha alipoinuka na kufunga jalada, mama alimsindikiza mpaka barabarani. Hapo ndipo alipouliza, kwa Kiswahili chake cha taratibu, kila neno amelipanga kwanza.

"Afande. Mwanangu amejibu vizuri?"

Jovitha aligeuka. Kule uani Kaneza alikuwa bado ameketi wima kwenye benchi, daftari mapajani, akiwatazama na kungoja.

"Amejibu vizuri, mama," Jovitha alisema. "Vizuri kabisa."